Dhana ya Sheria na Maradhi ya Askari: Historia ya Madai ya Fidia katika Marekani, 1921–2022

Neno dhana katika mazungumzo ya kila siku halina nguvu nyingi. Mtu akiambiwa kwamba asemayo ni dhana tu, hufahamu mara moja kwamba maneno yake hayajafika daraja ya yakini, na kwamba imempasa ama alete ushahidi ama anyamaze. Lakini katika lugha ya sheria neno hilo hilo hufanya kazi iliyo kinyume. Dhana ya sheria ni jambo ambalo hakimu au mkuu wa idara ameamriwa kulichukua kuwa ni kweli pasipo kuletewa ushahidi, mpaka atokee mtu wa kulivunja kwa ushahidi ulio na nguvu zaidi. Mwenye dhana upande wake hana haja ya kuthibitisha. Aipingaye ndiye atakiwaye kusema. Tofauti hii yastahili kuangaliwa na wataalamu wa lugha, kwa kuwa katika Marekani, kwa muda wa miaka mia moja na zaidi, riziki na matibabu ya askari wengi wa zamani yalitegemea swali moja: je, ugonjwa wa askari umo ndani ya dhana au u nje yake?

Ili kuifahamu dhana, kwanza hapana budi kuifahamu kanuni ambayo dhana ni ruhusa ya kutoifuata. Askari wa zamani adaiye fidia ya ulemavu hutakiwa kwa kawaida kuonyesha mambo matatu. La kwanza, kwamba anao ugonjwa au kilema hivi sasa, na tabibu ameshuhudia. La pili, kwamba alipokuwa katika utumishi lilimpata jambo fulani: jeraha, maradhi, au kukaribiana na kitu chenye madhara. La tatu, kwamba kati ya jambo lile la zamani na ugonjwa huu wa sasa pana kiungo. Sheria haimtaki mdai afikie yakini. Ushahidi wa pande mbili ukilingana katika mizani, shaka hufasiriwa kwa manufaa yake. Na tangu sheria ya mwaka 2000, Idara ya Askari wa Zamani imewajibishwa waziwazi kumsaidia kukusanya hati. Akikubaliwa, ulemavu wake hupimwa kwa makumi ya asilimia mpaka 100, na malipo yake ya kila mwezi hufuata kipimo hicho.

Kwa mtu aliyepigwa risasi kanuni hii haina taabu kubwa. Kovu laonekana, na daftari ya hospitali ya jeshi yataja siku na mahali. Taabu yote iko katika maradhi yasiyokuwa na kovu, yajayo baada ya miaka kumi, ishirini au arobaini, wakati askari amekwisha kuwa mkulima, dereva au mwalimu. Mtu huyu hujua kwamba ni mgonjwa, na hukumbuka alikokuwa. Asichoweza kukionyesha ni kile kiungo cha tatu. Hakujua jina la kitu alichokivuta wala kiasi chake. Aliyekuwa na njia ya kujua ni serikali iliyompeleka, nayo mara nyingine haikupima, na mara nyingine ilipima ikaweka siri. Mara moja hati zenyewe ziliteketea: tarehe 12 Julai 1973 moto uliingia katika jengo la kuhifadhia kumbukumbu za utumishi karibu na mji wa St. Louis, ukaharibu majalada baina ya milioni 16 na milioni 18 ya askari wa nchi kavu na wa jeshi la anga. Aliyetoa madai baada ya hapo aliweza kuulizwa hati ambayo hakupata kuwa nayo mkononi, iliyokuwa amana ya yule yule amwulizaye. Waswahili husema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo wa kuthibitisha ulionekana mwepesi machoni pa waliouweka juu ya bega la mgonjwa.

Dhana ya kwanza ya namna hii kwa askari wa Marekani ilitokana na Vita Kuu ya 1914–1918. Maelfu ya askari walirudi makwao wakaanza kukohoa damu, na wengine wakapotewa na utulivu wa akili. Kuhusu kifua kikuu, hakuna tabibu aliyeweza kuapa kama mgonjwa aliupata ugonjwa huo katika mahandaki ya Ufaransa, au katika kambi ya mafunzo, au nyumbani kwao kabla ya kuandikwa jeshini. Ndipo ilipotungwa sheria ya tarehe 9 Agosti 1921, ambayo pia ilianzisha Ofisi ya Askari wa Zamani. Sheria hiyo ilisema kwamba kifua kikuu cha mapafu, au ugonjwa wa akili na mishipa ya fahamu, ukidhihirika kwa kiwango cha asilimia 10 au zaidi katika muda wa miaka miwili tangu askari kuachishwa jeshi, utahesabiwa kuwa umepatikana katika utumishi. Sheria ya tarehe 7 Juni 1924 ilisogeza mwisho wa muda huo hadi tarehe 1 Januari 1925, na kuongeza maradhi mengine matatu: kuhara damu kuletwako na amiba, ugonjwa wa uvimbe wa ubongo uletao usingizi (ambao usichanganywe na malale), na ugonjwa wa kutetemeka ujulikanao kwa jina la Parkinson.

Yafaa kutazama jinsi sheria hiyo ilivyojengwa, kwa sababu zilizofuata zote zilijengwa kwa mfano wake. Haikusema kwamba vita vilisababisha kifua kikuu cha kila askari. Ilisema kwamba, kwa kuwa haiwezekani kujua, mgonjwa asiadhibiwe kwa kutojua huko. Iliweka vipimo vitatu vinavyoweza kuonwa na karani asiye tabibu: jina la ugonjwa, utumishi, na tarehe. Akivitimiza vyote vitatu, kiungo hutolewa na sheria.

Lakini kitolewacho na sheria huweza kuondolewa na sheria. Mwezi wa Machi 1933, katika dhiki kuu ya uchumi, Rais Franklin D. Roosevelt alitia sahihi sheria ya kubana matumizi iliyompa uwezo wa kupanga upya malipo ya askari wa zamani. Wale waliokuwa wakilipwa kwa nguvu ya dhana ndio walioingia hatarini kwanza, maana hawakuwa na ushahidi mwingine. Madai yao yalipelekwa mbele ya mabaraza ya kuyachunguza upya, na wengi wakaondolewa katika orodha. Malalamiko yalikuwa makubwa hata mwezi wa Machi 1934 Kongresi ikapitisha sheria ya kuwarudishia wengi wao. Rais akaikataa, na Kongresi ikaipitisha tena juu ya kukataa kwake. Somo la miaka hiyo halikusahauliwa: aliyesimama juu ya dhana amesimama mahali pema, ila mahali hapo si pake milele.

Sura ya pili ya historia hii ni ya wale walioshuhudia majaribio ya bomu la atomiki. Baina ya 1945 na 1962 Marekani ililipua mabomu mengi hewani, katika jangwa la Nevada na katika visiwa vya Pasifiki, mbele ya askari waliopangwa kutazama au kufanya mazoezi karibu na mahali pa mlipuko. Wengi waliamriwa kutosema lolote. Saratani ilipowatokea miaka mingi baadaye, walijikuta kati ya amri mbili: moja iliwataka waeleze yaliyowapata, na nyingine iliwakataza kuyaeleza. Hata kutafuta wakili kulikuwa kugumu. Sheria ya tangu mwaka 1864, iliyokusudiwa kuwalinda askari na mawakili walafi, ilikataza ujira wa wakili kuzidi dola 10 kwa dai moja. Na mwaka 1985 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi iliyoletwa na chama cha walionusurika na mionzi, kwamba mpaka huo wa dola 10 haukuvunja katiba. Mambo mawili yalibadilika mwaka 1988. Sheria moja iliweka dhana kwa ajili ya aina 13 za saratani kwa waliohudhuria majaribio yale, na kadhalika kwa walioikalia Hiroshima na Nagasaki baada ya vita. Sheria nyingine iliulegeza mpaka wa ujira, ikaunda mahakama ya kusikiliza rufani dhidi ya Idara. Tangu jaribio la kwanza hadi dhana ya kwanza ilikuwa miaka 43.

Vita vya Vietnam ndivyo vilivyoifanya dhana kuwa habari ya taifa zima. Kuanzia 1962 hadi 1971 ndege za jeshi la Marekani zilinyunyiza zaidi ya lita milioni 70 za dawa za kuua mimea, ili adui akose maficho na chakula. Dawa iliyotumika zaidi iliitwa Agent Orange, kwa ajili ya ukanda wa rangi ya chungwa uliopakwa kwenye mapipa yake, na ndani yake ilichanganyika sumu iitwayo dioksini. Mwaka 1977 Maude deVictor, mtumishi katika ofisi ya Chicago iliyohudumia askari wa zamani, alisikia habari za askari mwenye saratani aliyeamini kwamba ugonjwa wake umetokana na dawa hizo. Alianza kuandika majina ya wengine wenye kisa kama hicho, na orodha ikarefuka. Mwezi wa Machi 1978 kituo kimoja cha televisheni mjini humo kikaitangaza habari hiyo, na askari wa nchi nzima wakaanza kupeleka madai.

Wengi walikataliwa. Mwaka 1984 makampuni yaliyoitengeneza dawa yalikubali kutoa dola milioni 180 ili kumaliza kesi iliyofunguliwa na askari mjini New York, pasipo kukiri kosa. Mwaka huo huo Kongresi iliiagiza Idara itunge kanuni za madai ya dioksini. Nayo katika kanuni zake za mwaka 1985 ilikubali ugonjwa mmoja tu, nao ni aina ya chunusi kali za ngozi. Kanuni hizo zilivunjwa na mahakama ya California tarehe 3 Mei 1989. Sababu ya kuvunjwa kwake inahusu lugha moja kwa moja. Idara ilitaka ithibitishwe kwamba dioksini ni sababu ya ugonjwa. Hakimu alieleza kwamba Kongresi haikukusudia sababu, bali uhusiano: yaani kwamba miongoni mwa waliokaribiana na dawa ile ugonjwa huo waonekana kupita kadiri ya bahati. Baina ya maneno haya mawili, sababu na uhusiano, lilisimama lango ambalo maelfu ya madai yalikuwa yamefungiwa nje.

Sheria ya tarehe 6 Februari 1991 ililifungua lango hilo kwa njia mbili. Kwanza, iliweka dhana juu ya dhana: kila aliyetumikia Vietnam baina ya tarehe 9 Januari 1962 na tarehe 7 Mei 1975 akiwa na ugonjwa uliotajwa huhesabiwa kuwa alipatwa na dawa zile, asiulizwe siku gani wala kwa pipa lipi. Pili, iliitaka Akademi ya Taifa ya Sayansi ipime utafiti wote na kutoa taarifa kila baada ya miaka miwili, ili orodha ya maradhi isifungwe. Hivyo kisukari cha aina ya pili kiliingia mwaka 2001. Mwaka 2010 uliingia ugonjwa wa moyo utokanao na kupungua kwa damu, pamoja na ule ugonjwa wa Parkinson uliokuwa katika orodha ya 1924, ukirudi kwa mlango mwingine baada ya miaka 86. Shinikizo la damu liliingia mwaka 2022.

Hapa wapinzani walikuwa na hoja isiyopasa kudharauliwa. Kisukari, moyo na shinikizo la damu ni maradhi ya wazee wote, waliokwenda Vietnam na wasiokwenda. Hapana shaka kwamba katika wanaolipwa wamo ambao ugonjwa wao ulitokana na uzee, chakula au tumbaku. Jibu la hoja hiyo si kuikanusha, bali ni kuuliza swali jingine: ikiwa haiwezekani kumtenga huyu na yule, kosa lipi ni afadhali, kumlipa asiyestahili au kumnyima anayestahili? Kila sheria ya dhana imejibu swali hilo, hata kama haikulitamka.

Ikabaki neno dogo kuliko yote. Sheria ilimtaja aliyetumikia ndani ya Jamhuri ya Vietnam. Je, mabaharia wa manowari zilizokuwa pwani ya nchi hiyo walikuwa ndani yake? Tangu mwaka 2002 Idara ilishika kwamba ni lazima askari awe alikanyaga nchi kavu au aliingia katika mito yake, na mwaka 2008 mahakama ya rufani iliikubali tafsiri hiyo. Mzungumzaji wa Kiswahili ataiona shida hii upesi, kwa sababu lugha yake humlazimisha kuchagua: humo ni ndani hasa, hapo ni mahali palipo dhahiri, na huko ni upande ule kwa jumla. Kihusishi cha Kiingereza kilichotumika katika sheria kiko karibu na humo, lakini hakisemi kama bahari ni sehemu ya nyumba au ni ua wake. Mwezi wa Januari 2019 mahakama ile ile, ikikaa na majaji wake wote, ilijigeuza: iliamua kwamba nchi ni pamoja na maji yaliyo milki yake, kiasi cha maili 12 za baharini. Kongresi ikaiandika hukumu ya namna hiyo katika sheria iliyotiwa sahihi tarehe 25 Juni 2019. Miaka 17 ilipita katika kubishania neno moja, na baadhi ya waliongojea walikufa.

Vita vya Ghuba vya 1991 vilileta shida ambayo haikuwahi kuonekana. Walipelekwa askari karibu 700,000, na baadhi yao walirudi na uchovu, maumivu ya viungo, usahaulifu na maradhi ya tumbo ambayo matabibu hawakuweza kuyapa jina. Dhana zote za zamani zilianza na jina la ugonjwa. Hawa hawakuwa nalo. Sheria ya mwezi wa Novemba 1994 iliamua kwamba ugonjwa usiojulikana nao waweza kulipwa. Ikatokea ajabu: tabibu alipofaulu kuupa ugonjwa jina, askari aliweza kukosa haki, kwa kuwa haukuwa tena ugonjwa usiojulikana. Kasoro hiyo ilirekebishwa mwaka 2001 kwa kuyaingiza katika dhana maradhi yenye dalili nyingi yasiyo na sababu bayana, hata yakiwa na jina.

Sura ya mwisho ni ya moshi. Katika kambi za Iraq na Afghanistan taka zote zilichomwa katika mashimo ya wazi: plastiki, betri, rangi, takataka za hospitali, na mara nyingi ziliwashwa kwa mafuta ya ndege. Shimo la kambi ya Balad, kaskazini ya Baghdad, lilifikia eneo la ekari 10. Askari walirudi na pumu, vikohozi na saratani, wakatakiwa kuthibitisha kiungo kwa kanuni ya kawaida. Kufikia mwaka 2020 zaidi ya robo tatu ya madai yaliyotaja moshi huo yalikuwa yamekataliwa. Mswada wa kuleta dhana ulikwama katika Seneti tarehe 27 Julai 2022, na askari wa zamani wakalala kwenye ngazi za jengo la Kongresi mpaka ulipopita tarehe 2 Agosti kwa kura 86 dhidi ya 11. Ulitiwa sahihi tarehe 10 Agosti 2022, ukiwa na jina la Sajini Heath Robinson wa Ohio, aliyetumikia Kosovo na Iraq akafa kwa saratani ya mapafu mwaka 2020.

Sheria hiyo iliongeza zaidi ya maradhi 20, ikataja nchi moja moja: kwa waliotumikia tangu tarehe 2 Agosti 1990, ni pamoja na Iraq, Kuwait, Saudia, Omani na Somalia, kwa waliotumikia tangu tarehe 11 Septemba 2001, ni pamoja na Afghanistan, Yemeni na Jibuti. Mdai hupeleka fomu yake pamoja na hati ya kuachishwa jeshi na cheti cha tabibu. Akiwa bado hajakusanya hati, aweza kutoa taarifa ya nia yake, na siku ile humhifadhia haki ya malipo kwa muda wa mwaka mmoja. Haulizwi tena alivuta nini.

Mipaka ya dhana nayo ni sehemu ya historia yake. Watu wa Vietnam walionyunyiziwa dawa zile zile walifungua kesi mjini New York dhidi ya watengenezaji. Ilitupwa mwaka 2005, na rufani yao ikakataliwa mwaka 2008. Sheria ya 2022 yaitaja hewa ya Somalia na ya Jibuti, lakini haimhusu mwenyeji aliyeivuta. Na kwa askari wenyewe, tangu mnyunyizo wa mwisho katika Vietnam hadi sheria ya 1991 ilikuwa miaka 20, na tangu 2001 hadi 2022 ilikuwa miaka 21. Wakati huo wote mzigo ulikuwa juu ya bega la mgonjwa.

Basi dhana ya sheria si elimu, wala haidai kuwa elimu. Ni hukumu juu ya kutojua: kwamba pale ambapo ukweli hauwezi kupatikana, hasara ya kuukosa na iwe juu ya yule aliyekuwa na uwezo wa kupima, kuandika na kutunza hati, si juu ya yule aliyetii amri ya kwenda. Mara tano, kwa kifua kikuu, kwa mionzi, kwa dawa za mimea, kwa ugonjwa usio na jina na kwa moshi, taifa hilo lilifika kwenye hukumu hiyo, na karibu kila mara lilifika likiwa limechelewa.